Kimya Nilichokinunua Gongoni

Ijumaa, Desemba. Mvua ilinyesha mchana ikakatika ghafla, ikarudi kidogo ikakatika tena, na sasa kumbikumbi wanatoka ardhini nyuma ya choo kama moshi. Watoto wa mpangaji mwenzetu wanawakimbiza na beseni. Kila mtu uani ana furaha isipokuwa mimi.

Sikutaka kuandika leo. Lakini nisipoandika nitalia, na nikilia Mama ataniuliza kuna nini, na mambo ya moyoni hayanitoki mdomoni. Hunitoka vidoleni tu.

Kwa uliyefika hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Nyamizi. Nimemaliza kidato cha nne juzijuzi, naishi na Mama hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga. Navaa vifaa vya kusikia masikio yote mawili. Nikiwa mdogo niliugua homa ya uti wa mgongo. Homa iliondoka, na ilipoondoka ilichukua sehemu kubwa ya usikivu wangu ikaenda nao.

Shuleni kila mtu alijua, maana wasichana tulinyolewa, na kichwa kitupu hakifichi kitu. Sasa nimemaliza. Wenzangu wote wamesuka. Mimi nafuga nywele zishuke zifunike masikio, na mpaka zitakapofika huko, nafunga kitambaa. Mke wa mchungaji amenisifu mbele za watu kwa kujisitiri. Niliinamisha macho nikashukuru. Mungu anisamehe, kitambaa changu hakina utakatifu wowote.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikitafuta hedifoni. Ziwe hazina waya, ziwe zinazuia kelele, na ziwe za bei ambayo mtu anayeuza karanga za kukaanga anaweza kuifikia. Ukiisoma haraka sentensi hiyo utadhani ni jambo dogo.

Zisiwe na waya, kwa sababu tundu la waya kwenye simu yangu lilikwisha kufa. Hata lingekuwa zima, waya ukigusa kile kifaa nyuma ya sikio nasikia mtu anakuna bati kwa msumari. Halafu ziwe kubwa, za kufunika sikio zima, kwa sababu ndani ya sikio langu hakuna nafasi ya kuchomeka kitu kingine. Kuna kizibo cha plastiki kilichofinyangwa kwa umbo langu, na kamrija kembamba kanakopanda hadi kwenye kifaa chenyewe. Zile ndogo wanazochomeka vijana wa bodaboda, mimi nizichomeke wapi?

Na zizuie kelele, kwa sababu ya mashine ya kusaga.

Watu hudhani vifaa vya kusikia ni kama miwani, kwamba ukivaa basi dunia inatulia na kuwa safi. Sivyo. Vyangu ni vya zamani, tulivipata kwa wataalamu waliokuja kupima watoto, na kazi yake ni moja: kupandisha sauti. Sauti ya Mama inapanda. Sufuria inapanda. Jogoo wa jirani anapanda, pikipiki inapanda, na mashine ya kusaga, ambayo hata wewe mwenye masikio mazima ingekuchosha, inapanda mpaka naihisi kwenye meno. Halafu ubongo wangu ndio uchague kipi ni kipi. Unachoka. Jioni nikivivua nasikia raha kama mtu aliyevua viatu vinavyombana.

Na mimi nilitaka kusikia kitu kimoja tu.

Mwalimu wa kwaya yetu ya vijana ana utaratibu wake. Hatuimbiwi mstari mmoja mmoja kama walivyofundishwa mama zetu. Anajirekodi kwa simu, kila sauti peke yake, anatuma kwenye kundi la kwaya. Wa sauti ya kwanza wanachukua ya kwanza, sisi wa sauti ya pili tunachukua ya pili, kila mtu anakwenda kujifunzia kwao. Tukikutana kanisani tunaunganisha tu, kama fundi anayeshona nguo iliyokwisha kukatwa.

Kabla ya safari yoyote anapima. Unasimama mbele, unaimba sauti yako peke yako, bila mtu wa kumwegemea. Anayeipata anapanda gari. Asiyeipata anabaki anawapungia wenzake mkono. Safari ya sasa ni ya Urambo, kwenye tamasha la kwaya la Noeli. Kupima ni kesho asubuhi.

Sasa utaniuliza: Nyamizi, umekuwa ukiimbaje siku zote?

Nasimama kando ya Neema, wa sauti ya pili kama mimi. Neema ana sauti nzuri na uso unaosema kila kitu. Akishuka, kidevu kinashuka. Akipanda, nyusi zinapanda. Mimi namwimba Neema. Rekodi ya mwalimu nimeisikiliza mara nyingi mno, simu ikiwa imebanwa kwenye kifaa, na ninachokisikia ni mashine ya kusaga ikiwa na mtu anayelalamika ndani yake.

Na kwa nini ni lazima niende Urambo? Najua si lazima. Hakuna atakayekufa. Ila tangu mtihani uishe hakuna mahali ninaposubiriwa. Naamka, nachambua karanga, nakaanga, nafunga, napeleka, narudi. Matokeo bado, na sina matumaini nayo, maana hesabu nilizisoma kwenye mgongo wa mwalimu aliyekuwa akizungumza na ubao. Kwaya ndiyo sehemu pekee ambapo nikichelewa mtu anauliza, "Sauti ya pili mbona imepungua leo?"

Ile sauti iliyopungua ni mimi. Unaona?

Basi nikasoma. Nimesoma kwenye mtandao mpaka macho yakauma, Kiingereza kigumu, kurasa za watu wa nchi za mbali wanaovaa vifaa kama vyangu. Wanasema tafuta zenye kikombe kirefu cha ndani, kisikandamize kifaa, kwa sababu kikikandamizwa kinapiga mluzi. Wanasema hakikisha kile kinasa sauti kilichoko juu ya sikio kinaingia chote ndani ya kikombe. Wanasema chagua aina kadhaa, zijaribu nyumbani kwa mwezi mzima, zisipokufaa zirudishe.

Zirudishe! Hapo nilicheka peke yangu. Hapa Tabora kila duka la simu lina karatasi ukutani: BIDHAA IKIUZWA HAIRUDISHWI. Wengine wameiweka kwenye fremu kama picha ya harusi.

Juzi nikachukua pesa ya karanga nikaenda mjini, mtaa wa Gongoni, kwenye duka moja la simu.

Nililizunguka lile duka kwanza, maana kuingia dukani peke yangu ni kazi. Muuzaji ni kaka mmoja anaitwa Mwinyimvua, mrefu, ana mwanya wa kupendeza, spika yake mlangoni inapiga muziki kutwa. Nikamsalimu. Akaniuliza jina. Nikamwambia. Akapiga makofi kama aliyeokota kitu.

"Nyamizi! Mnyamwezi halisi! Mtani wangu kajileta mwenyewe!"

Kumbe ni Mzaramo. Kama hujui, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zamani, tangu mababu zetu walipokuwa wapagazi, wakitembea na mizigo kichwani kutoka huku kwetu mpaka pwani kwao. Mtani ana ruhusa ya kukutukana ukacheka. Akija msibani anaweza kulala kwenye jeneza na asifukuzwe.

"Karibu, mpagazi wangu," akasema. "Leo umebeba nini? Pembe za ndovu?"

Nilimsoma mdomo vizuri, ana mdomo unaosomeka. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasema, "Karanga."

"Karanga! Ndiyo maana mlikuwa mnafika pwani mmeshiba na mzigo umekwisha!"

Nikacheka mpaka nikashika meza.

Nataka nieleze kitu hapa, maana ni muhimu kwa yaliyofuata. Maishani mwangu hakuna mtani aliyewahi kunitania. Harusini wanakuja, wanamshambulia kila mtu, mjomba kwa tumbo lake, shangazi kwa uchoyo wake. Wakifika kwangu wanalegeza uso, wananishika bega, wanapita. Wananiruka kama dimbwi. Huyu hakuniruka. Hakujua. Kitambaa kilikuwa kimefunga vizuri.

Kwa hiyo nikafanya kosa.

Alinipa hedifoni nyeusi, nzuri, sandukuni pameandikwa kwa Kiingereza kwamba zinazuia kelele. Bei yake niliimudu. Akasema jaribu. Mtu mwenye akili angevua kitambaa, akaacha vifaa vimewashwa, akasikiliza. Mimi niliogopa vitapiga mluzi mbele yake. Nikajifanya najikuna sikio, nikavizima vyote viwili. Nikazivaa hedifoni juu ya kitambaa.

Akapandisha muziki wake. Niliuhisi kwenye mifupa ya taya, nikatikisa kichwa kufuata mdundo. Akauzima, akaonyesha barabarani kwa kidole, kuna lori linapita, akaniuliza kwa macho: unasikia kelele?

Sikusikia chochote. Lori lilipita kama lori la kwenye picha. Nikaona maajabu. Nikamnyanyulia dole gumba.

Kulikuwa kimya, bila shaka kulikuwa kimya. Nilikuwa nimezima masikio.

Nikalipa. Nikatembea mpaka nyumbani nikitabasamu, sijui kwa sababu ya hedifoni au kwa sababu ya kuitwa mpagazi.

Nyumbani nikavua kitambaa, nikawasha vifaa, nikazivaa. Mluzi. Ulianza sikio la kulia, ukaitikiwa la kushoto. Vikombe vyake ni vifupi, vinalala juu ya kifaa na kukibana. Nikivisogeza mbele, mluzi unakatika lakini kinasa sauti kinabaki nje, na mashine ya kusaga inaingia yote kama ilivyo. Nikivirudisha nyuma, mluzi. Nilijaribu kuweka kitambaa katikati. Nilijaribu kuzishika kwa mikono bila kuziacha ziguse. Mikono ilichoka kabla ya ubeti wa kwanza kuisha.

Ndipo nikasoma sanduku sawasawa, mpaka yale maandishi madogo ya chini. Kuzuia kelele kulikosemwa ni kwa ajili ya yule unayempigia simu. Yeye ndiye hatasikia kelele za kwako. Wewe uliyevaa, utajijua.

Nilikaa kitandani nikizishika mapajani. Nilikuwa nimenunua hedifoni za kuwafaidisha watu wengine.

Nilitaka kunyamaza, lakini Mama aliziona. Mama hana haya kama mimi. Sijui haya yangu nilirithi wapi. Leo mvua ilipokatika akajifunga khanga akasema, "Kesho si ndiyo unapimwa? Nyanyuka." Nikamwambia hairudishwi, imeandikwa ukutani. Akasema yeye ukuta hakuununua.

Mwinyimvua alituona tangu mlangoni, akafurahi.

"Shikamoo, mama. Mpagazi wangu, umeshachoka mzigo? Hata wiki haijaisha!"

"Marahaba," Mama akasema. "Mtani, umemuuzia mwanangu takataka."

"Takataka? Mbona hapa alifurahi mwenyewe? Mama, mzigo ukishafika pwani haurudi Tabora!"

Watu wawili waliokuwa wakinunua vocha wakacheka, na mimi nikacheka kidogo. Na Mama naye ningemwona akicheka kama si kwamba alikuwa amekasirika kweli. Aliuliza, "Hivi ulimjaribisha au ulimcheka tu?" Na kabla sijajua anataka kufanya nini, akakishika kitambaa changu akakivuta.

Kikatoka chote.

Sikumbuki nilitazama wapi. Nakumbuka upepo kwenye masikio. Nywele zangu bado ni fupi, unaziona, na vifaa vimekaa pale nyuma ya masikio kama vilivyo, rangi ya maziwa iliyofifia.

"Huyu ndiye unayemuuzia," Mama akasema. "Zikimgusa hizi zinapiga kelele."

Uso wa Mwinyimvua ulizimika. Sijui nieleze vipi. Ule mdomo unaosomeka ulifungwa, na ulipofunguka ulikuwa wa mtu mwingine.

"Samahani sana, mdogo wangu," akasema. Polepole. Kila silabi na mdomo wake mpana, kama anayemfundisha mtoto kula.

Akapunguza muziki. Akaniletea kigoda. Wale wa vocha wakageuka ukutani, wakajifanya wanasoma lile tangazo. Akazipokea hedifoni, hata sanduku hakukagua, akatoa pesa yote akampa Mama kwa mikono miwili. Mama alikuja na vita nzima kifuani, akakosa pa kuimwaga. Alibaki amesimama, kitambaa changu mkononi.

Unajua nilichotamani? Nilitamani abishe. Nilitamani aseme haturudishii Wanyamwezi.

Nilikuwa mpagazi wake kwa siku chache. Sasa nimekuwa mdogo wake.

Halafu akafanya wema mwingine, na huo ndio ulionimaliza. Alifungua kabati la kioo lenye kufuli, akatoa hedifoni nyingine. Kuna mteja aliziagiza kutoka Dar halafu hakuzifuata. Akaniashiria: jaribu, na vifaa vyako, viache vimewashwa.

Vikombe vilikuwa virefu kama bakuli. Sikio lote liliingia, na kifaa, na kinasa sauti chake, na bado palibaki nafasi. Hakukuwa na mluzi. Akabonyeza kitufe.

Gongoni ikaondoka.

Sikuwa nimezima kitu safari hii. Nilisikia kimya nikiwa na masikio yangu yamewashwa. Tangu nilipougua sijawahi. Kimya changu siku zote ni cha kuvua vifaa, ni kimya cha kutokuwepo. Hiki nilikuwepo ndani yake.

Nikafungua rekodi ya mwalimu kwenye simu yangu. Sauti ya pili.

Kabla hajaimba alivuta pumzi. Nilisikia pumzi. Nikasikia kiti chake kikilia. Halafu akaimba, na ilikuwa sauti moja tu, peke yake, hakuna mtu anayelalamika ndani ya mashine. Neno baada ya neno. Niliangalia sakafu ili wasinione uso.

Ikafika mwisho, ule mstari wa mwisho wa kiitikio ambao nauimba kwa nguvu kuliko yote kwa sababu nauamini. Pale ambapo nyusi za Neema hupanda.

Sauti ya pili haipandi pale.

Inabaki palepale. Noti moja, imekaa, sauti ya kwanza ndiyo inayopaa juu yake. Nilirudia. Nilirudia tena. Inabaki. Nyusi za Neema zinapanda kwa sababu anapenda ule mstari, basi. Ni uso tu.

Tangu tuanze wimbo huu nimekuwa nikipaa peke yangu katikati ya watu waliotulia.

Na wao wanasikia. Neema anasimama karibu nami mpaka mabega yanagusana, anasikia. Hakuwahi kuniambia. Hunitabasamia. Mwalimu alinihamisha mwisho wa mstari, mbali na maiki. Nilidhani ni kwa ajili ya urefu wangu. Nilimshukuru, hata.

Wote walijua, wakanionea huruma, wakanyamaza.

Nikavua hedifoni, na Gongoni ikarudi yote kwa pamoja. Mama aliuliza bei. Mwinyimvua aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. Mama hakuuliza mara ya pili. Mwinyimvua akasema tunaweza kulipa kidogo kidogo. Mama akamwambia asante, lakini hatuwezi kukuahidi tusichonacho. Karanga ni karanga. Na betri za vifaa vyangu zenyewe zinatoka Mwanza kwa basi kupitia Nzega, na Mama akishazilipia mwezi unakuwa umekwisha kabla haujaisha.

Nilifunga kitambaa. Nikamrudishia hedifoni kwa mikono miwili, kama alivyompa Mama pesa. Nikatangulia kutoka.

Nikiwa ng'ambo ya barabara niligeuka. Mama alikuwa bado mlangoni, anasema kitu. Mwinyimvua akashika kiuno, akafikiri, akajibu. Wote wawili wakacheka, Mama akipiga paja.

Aliponifikia nikamuuliza, "Amesemaje?"

"Si kitu," Mama akasema. "Twende, mvua inarudi."

Kuna maneno mawili ambayo nimeambiwa kuliko hata jina langu. Watu wanacheka mezani, nauliza, naambiwa si kitu. Redio inasema jambo, Mama anaguna, nauliza, si kitu. Wenzangu darasani wanaangua kicheko, nauliza, si kitu, Nyamizi, achana nayo. Hawana ubaya. Wanachoka kurudia. Na mimi nimezoea. Huwa naitikia kwa kichwa, natabasamu kama niliyesikia, maisha yanaendelea.

Leo nilisimama katikati ya njia. Bodaboda ikatukwepa, dereva akasema kitu kwa mkono.

"Mama. Amesemaje?"

"Utani tu, mwanangu. Wa kijinga."

"Niambie huo wa kijinga."

Mama alinitazama. Nadhani hajawahi kuniona nimesimama hivyo. Akanivuta kando, akageuza uso wake kwangu kabisa ili nimsome, kama afanyavyo nyumbani.

"Nimemuuliza, mtani, mbona umekuwa mpole ghafla kama umemwona mkwe? Umeanza kutuogopa?" Akaanza kucheka tena kabla hajamaliza. "Akaniambia: mwambie mpagazi wangu, babu zake walibeba pembe kichwani mpaka kwetu pwani. Yeye kimzigo hicho tu kimempigia mluzi, akakimbia kumwita mama yake!"

Nilicheka. Nilicheka pale njiani, matone ya kwanza yakiwa yanaanguka, mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakutaka kukoma, na Mama hakujua kama acheke au anishike. Alifanya yote mawili.

Lakini nisikudanganye. Utani haukununua hedifoni. Ziko kwenye kabati lenye kufuli, na kesho au keshokutwa mwenye pesa atazichukua, atasikilizia muziki bodaboda ikienda mwendo kasi, hatajua kuna pumzi za mtu ndani.

Kesho nitasimama mbele. Nina mstari mmoja tu ninaoujua kwa hakika, ule wa mwisho, na najua kwamba haupandi. Iliyobaki niliisikia leo tu, nayo tayari inachanganyika na mashine ya kusaga ninapoandika. Nimejaribu kuiimba chini chini. Mama anaitikia kwa kichwa, eti nzuri. Simwamini. Yeye ni Mama.

Sitapanda gari la Urambo. Hilo naliona wazi kama nilivyoliona lile lori. Na Jumapili watasema nilijitahidi, watanishika bega.

Ningeweza kubaki nyumbani na karanga zangu. Nimelifikiria hilo tangu tuliporudi. Lakini nikibaki, watanyamaza tena, na watafurahi kimoyomoyo kwamba hawakulazimika kuniambia.

Kwa hiyo nitakwenda, na kitambaa nitakiacha kwenye msumari. Nitamwomba mwalimu jambo moja kabla sijafungua mdomo: nikikosea, aseme nimekosea wapi, mbele ya wote, na atakayetaka kucheka acheke.

Kicheko huwa nakiona hata nisipokisikia. Ni huruma tu ambayo sijui pa kuishika.

Kumbikumbi wamekwisha. Mabawa yao yamejaa kizingitini. Mashine ya kusaga bado inanguruma, na mimi nashikilia noti moja, isiyopanda, nione kama itafika asubuhi.